Thamani ya Jibu "Haiwezekani" katika Somo la Hisabati

Katika madarasa mengi ya shule za msingi, hisabati hufundishwa kana kwamba kila swali lina jibu lililofichwa, na kazi ya mtoto ni kulifichua. Asemaye "haiwezekani" huhesabiwa kuwa ameshindwa. Maoni yangu ni kwamba desturi hii yafaa iachwe. Kazi ya Thomas Cowling, mwanahisabati wa Uingereza aliyeishi kati ya mwaka 1906 na 1990, yatupa sababu.

Kila mwalimu aliyeshika dira ameona sindano yake ikielekea kaskazini. Je, nguvu hiyo ya sumaku yatoka wapi? Haitoki katika pande la chuma kigumu, maana sumaku ikipashwa moto sana hupoteza nguvu yake, na ndani ya dunia mna joto kali mno. Mwaka 1919 Joseph Larmor alitoa wazo kwamba kiowevu kinachopitisha umeme, kikiwa katika mwendo, chaweza kuzalisha umeme na hivyo kuitunza sumaku yake chenyewe. Dunia yetu inacho kiowevu cha namna hiyo: kuanzia kina cha kilometa 2,900 hivi mna chuma kilichoyeyuka.

Cowling alilipima wazo hilo kwa hisabati. Mwaka 1933 alithibitisha kwamba sumaku iliyo sawa kabisa pande zote za mhimili wake haiwezi kutunzwa kwa njia hiyo, lazima ififie. Kwa miaka mingi baadaye wataalamu walilitilia shaka wazo la Larmor. Kumbe Cowling hakuufunga mlango, bali alionyesha sharti la kuufungua: ulinganifu huo usiwe kamili. Mwaka 1958 George Backus na Arvid Herzenberg, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha kwamba iko miendo iwezayo kuitunza sumaku. Mwaka 1995 Gary Glatzmaier na Paul Roberts waliionyesha kwa kompyuta sumaku mfano wa ile ya dunia, ikijitunza na hata kugeuza ncha zake. Hata leo sayari ya Zohali yawasumbua wataalamu, kwa kuwa mhimili wa sumaku yake haukuachana na mhimili wa mzunguko wake hata kwa sehemu moja ya mia ya digrii.

Turudi darasani. Wape watoto vijiti vya sentimita 3, 4 na 9, uwaagize waunde pembetatu. Watahangaika, kisha mmoja atasema haiwezekani. Usimkemee, muulize kwa nini. Akisha kuona kwamba vijiti vifupi viwili vikiunganishwa havifiki urefu wa kile kirefu, muulize tubadili nini ili iwezekane. Hapo amegundua kanuni, wala hakukaririshwa.

Wako watakaosema kwamba mtoto mvivu atajificha nyuma ya neno hilo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Cowling hakusema tu, alithibitisha. Nasi tudai vivyo hivyo: "haiwezekani" isiyo na sababu isipewe alama, na yenye sababu ipewe alama zote. Mtoto aliyeadhibiwa kwa kusema kweli iliyo mbele ya macho yake hujifunza kubahatisha jibu la kumpendeza mwalimu, na hiyo si hisabati.