Pikipiki Kuukuu Si Chuma Chakavu

Ndugu mwandishi, umeandika kwamba anayefufua pikipiki kuukuu kwa mikono yake anatupa fedha. Eti heri aiuze kwa kilo, akope mpya. Kwetu Unyambwa, Manispaa ya Singida, hesabu hiyo haisimami.

Nakubali jambo moja: ukijumlisha pistoni, ringi, klachi, matairi na kuchonga silinda, gharama yaweza kupita bei uliyoinunulia. Lakini fedha hizo hazitoki siku moja. Mkulima wa alizeti hununua spea moja akishauza mavuno, nyingine msimu ujao. Mkopo haungoji mavuno. Rejesho likichelewa, pikipiki inachukuliwa.

Tena umesahau uhandisi wenyewe. Kwa mfano, pikipiki ya Honda CG125 ilitoka mwaka 1976, ikiwa imebuniwa kwa nchi ambazo matengenezo ni ya shida. Valvu zake husukumwa na fito, haina cheni ya taimingi. Viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo, ndiyo maana spea zinazoingiliana nayo bado zinapatikana, tena kwa bei nafuu.

Kwenye breki na matairi usibane matumizi: nunua vipya. Kwingine, jifunze. Aliyeifungua injini na kuifunga mwenyewe hutambua mlio mbaya mapema, hatapeliwi gereji, na ikizima porini ana pa kuanzia. Furaha ya kuisikia ikiwaka ni haki yake, kwa kuwa ameitolea jasho. Maarifa hayo hayaandikwi kwenye risiti, nayo ndiyo faida kubwa uliyoiacha nje ya hesabu yako.