Soko Huria Lenye Mlango Mmoja

Watetezi wa soko huria katika Afrika ya Mashariki wana desturi moja ya ajabu. Wanenapo juu ya mtaji, husema mipaka ni urithi mbaya wa wakoloni. Wanenapo juu ya bidhaa, husema ushuru ni mzigo juu ya mgongo wa mnunuzi. Lakini wafikapo kwa mtu, mwenye mikono miwili na furushi la nguo, sauti hubadilika ghafula, na mpaka uliokuwa aibu jana huwa ngao ya taifa leo. Desturi hiyo imezoeleka hata haishangazi tena, na kwa sababu hiyo yafaa kushangaliwa. Mtu aweza kuamini soko huria. Mtu aweza kuamini vizuio vya wageni. Hawezi kuamini yote mawili kwa pamoja ila awe amelipotosha neno moja kati ya hayo.

Makurunge, katika wilaya ya Bagamoyo, ni mahali pafaapo kuipima kauli hiyo. Huko ndiko ilikokuwa ranchi ya Razaba, ambamo Serikali ya Zanzibar ilifuga ng'ombe. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, kampuni ya Sweden ilikuja kutaka ardhi hiyo ipande miwa, ikaahidiwa maelfu ya hekta. Mpango ulivunjwa na Serikali mwaka 2016. Kampuni haikulia kando ya njia. Ilipeleka madai yake mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2022 wasuluhishi hao waliiamuru Tanzania ilipe fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Sehemu ya ardhi ilipewa kundi la kampuni za Bakhresa, na miwa na kiwanda cha sukari sasa vipo. Nani alikuwa na haki katika shauri lile si hoja ya hapa. Hoja ni kwamba mtaji wa Sweden ulipokelewa mlangoni, ulikaribishwa ndani, na ulipotolewa nje ulikuwa na baraza la kwenda kushtaki ng'ambo ya bahari.

Je, mkata miwa wa Kwale au wa Burundi, atakaye kuuza nguvu ya mkono wake katika shamba hilohilo, hupitia mlango gani? Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa sahihi mwaka 2009 na kuanza kazi Julai 2010, iliahidi uhuru wa bidhaa, watu, nguvukazi, huduma na mtaji. Walakini katika nguvukazi kila nchi ilifunga orodha yake nyuma ya ahadi, na orodha ya Tanzania ilitaja wenye taaluma. Mwenye panga hakutajwa. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 nayo humtaka mwajiri aonyeshe kuwa amemtafuta raia asimpate, na kuwa ana mpango wa raia kuirithi kazi. Hapana sheria imwambiayo mwenye mtaji wa kigeni athibitishe kwanza kwamba hapana fedha ya kizalendo. Wakati huohuo njia kuu ya pwani imepangwa kutoka Makurunge kwenda Saadani, Pangani na Tanga, na kuungana na ile iendayo Mombasa na Malindi. Gari la mizigo litapita. Utingo wake, akitaka kubaki afanye kazi, ataulizwa kibali.

Pwani hii haikuzaliwa hivyo. Wanyamwezi walishuka Bagamoyo kwa maelfu wakibeba pembe, wakipatana ujira wao na wenye misafara, na kugoma walipodhulumiwa. Walikutana na vizuio njiani, maana watemi wa bara walidai hongo; lakini hongo ya zamani ilikuwa bei ya kupita, ijulikanayo na kubishaniwa, na aliyelipa alipita. (Neno limeteremka sana tangu siku hizo, na walioliteremsha wengi wao walikaa katika meza za vibali.) Bandari hiyohiyo ilipitisha pia watumwa, na jambo hilo lisifichwe kwa kuusifu uhuru wa zamani. Utumwa ndio soko lililowageuza watu kuwa bidhaa, wapelekwe popote ila wanakotaka wao. Atakaye kujua tofauti ya soko huria na soko tupu na aanzie hapo: katika soko huria mwenye mkono ndiye auzaye mkono, naye huchagua wapi.

Adam Smith, anayetajwa na watetezi hawa kuliko anavyosomwa, aliliona jambo hili mwaka 1776. Alizilaumu sheria za Uingereza zilizoruhusu maskini afukuzwe katika parokia aliyohamia kutafuta kazi, akaziita uvunjaji wa uhuru wa asili na wa haki. Parokia moja na nyingine zilitengwa na kijito au ua wa miti. Aliyezitetea alitumia hoja zilezile zitumikazo leo: wenyeji watakosa kazi, masikini wa wengine watakula sadaka yetu.

Hoja yenye nguvu zaidi ya wapinzani ni ile ya nyumba. Nchi, wasema, ni kama nyumba, na mwenye nyumba ana haki ya kumkataa mgeni. Haki ya mali ndiyo msingi wa soko, basi kizuizi cha wageni ni tunda la soko lenyewe. Hoja ni nzuri mpaka iulizwe mwenye nyumba ni nani. Mkulima wa nanasi wa Kiwangwa ana shamba lake. Mjane wa Makurunge ana chumba chake cha kupangisha. Seremala ana karakana yake. Wakitaka kumwuzia, kumpangisha au kumwajiri mgeni, ni mali yao watumiayo. Anayewakataza hatetei haki ya mwenye nyumba. Anaiondoa haki hiyo kwa wenye nyumba wengi na kuikabidhi kwa ofisi moja.

Hapa ndipo amri ya Julai 2025 inapofundisha kuliko vitabu. Kwa amri hiyo Tanzania iliwakataza wasio raia aina 15 za biashara, miongoni mwake uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji wa watalii, udalali na ununuzi wa mazao shambani. Kenya ililalamika, nayo magazeti yakaijadili kama ugomvi wa majirani wawili. Wachache walisoma kifungu cha adhabu hadi mwisho. Mgeni avunjaye amri alikadiriwa faini na kifungo. Raia amsaidiaye mgeni huyo naye alikadiriwa faini na kifungo chake. Sheria iliyotangazwa kumlinda raia iliweka gereza kwa raia.

Na ichukuliwe biashara moja tu katika hizo 15, ile ya mazao. Nanasi huiva kwa siku yake, wala haimsubiri mtu. Mkulima mwenye wanunuzi wanne shambani, wawili wa Dar es Salaam na wawili wa Mombasa, huwashindanisha. Anayeongeza shilingi ndiye apakiaye. Waondolewe wawili kwa amri, wabaki wawili wanaojuana, wanaolala nyumba moja ya wageni na kunywa chai meza moja. Bei itapangwa kabla jua halijachomoza, na mkulima ataambiwa ama achukue ama nanasi zioze. Faida iliyohama mfukoni mwake haikwenda kwa taifa, bali kwa dalali. Naye dalali ni raia, ndiyo, kama alivyo mkulima. Lakini hapana aliyeeleza kwa nini uraia wa mwenye mzani ni mzito kuliko uraia wa mwenye jembe. Kila kizuizi cha mgeni kina raia wawili nyuma yake, mmoja aliyeondolewa mshindani na mmoja aliyeondolewa mteja, na wa pili aghalabu ndiye maskini zaidi, asiye na chama wala mlango wa kupiga hodi wizarani.

Uganda ililipa somo hili kwa thamani kubwa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, akidai kuwarudishia uchumi wananchi. Viwanda vikubwa vya sukari vya Kakira na Lugazi, vilivyojengwa na familia za Madhvani na Mehta, vilidhoofika, na sukari ikawa kitu adimu katika nchi iliyokuwa ikitosheka. Waliotafuta sukari hawakuwa Waasia waliofukuzwa. Baadaye Serikali ya Museveni iliwaita wenye mali warudi.

Wala Uingereza, mwalimu wa biashara huria, isijione safi. Kenya ilipotunga mwaka 1967 sheria ya leseni iliyowabana wafanyabiashara wasio raia, Waasia wenye pasi za Kiingereza walianza kwenda London. Na mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache sheria ya kuwazuia watu wenye pasi zake wenyewe.

Yabaki malalamiko ya wachuuzi wa Kariakoo, nayo si ya kudharauliwa. Mchuuzi aliyekopa kwa riba kubwa hushindana na mgeni mwenye kiwanda nyuma yake, na mara nyingine mgeni huyo hukwepa kodi ambayo mwenyeji hulipa. Lakini dhara hilo lina dawa yake: kodi itozwe sawa, leseni idaiwe sawa, mikopo iwafikie wadogo. Na anayeona dawa hizo hazitoshi, akapenda kumlinda mchuuzi kwa kumfukuza mshindani, na aseme hivyo. Azimio la Arusha la 1967 lilisema wazi kuwa njia kuu za uchumi si za soko, na hata aliyelipinga alijua anapinga nini. Tangu Serikali ilipopatana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 lugha imegeuka: mwekezaji hukaribishwa kwa neno la soko huria, na mtafuta kazi hufukuzwa na wanenaji walewale, katika kikao kilekile.

Wanaoitetea amri ya 2025 wana swali moja la kujibu mbele ya mkulima wa Kiwangwa. Shamba ni lake, nanasi ni zake, jasho ni lake, na mnunuzi alikuja kwa hiari na fedha mkononi. Alipompimia nanasi hizo, alimwibia nani?