Mkondo Kunyamaza Si Mkondo Kuisha

Waandishi wa programu wana imani moja isiyotaka kufa: ukiunganisha mikondo kadhaa ya data, mmoja ukifika mwisho, muungano mzima umekwisha. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake hujitokeza maji yakishazidi unga.

Mto Rufiji unaikanusha kila kiangazi. Huanzia pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana, kisha hupokea Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 Ruaha hukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, lakini Rufiji huendelea kuteremka hadi kwenye delta yake wilayani Kibiti.

Tuseme mtaalamu anaandika programu ya kuwapa tahadhari ya mafuriko watu wa Kibiti, kuanzia Mchukwi hadi visiwa vya delta, kwa kuunganisha vipimo vya mito hiyo mitatu. Maktaba ya programu iitwayo RxJS inampa njia kadhaa, na kila moja ina sheria yake ya kufunga. Njia ya merge huendelea mpaka mkondo wa mwisho uishe. zip hupanga vipimo kwa zamu, hivyo hufunga mara mkondo uliokwisha unapokosa kipimo kwenye foleni. forkJoin hungoja yote iishe ndipo iseme. Kwa mito isiyoisha, itakaa kimya milele.

Ya hatari zaidi ni combineLatest. Mkondo wa Ruaha ukiisha, hushikilia kipimo chake cha mwisho na kuendelea kukichanganya na vipimo vipya vya Kilombero. Namba za kwenye skrini zinabadilika, kumbe moja ni ya juzi! Lakini mkondo ukiisha bila kutoa kipimo hata kimoja, muungano wote hautatoa chochote.

Watetezi husema hayo yote yameandikwa kwenye maelezo ya maktaba. Ni kweli. Ila kipimamaji kilichosombwa na mafuriko, kama yale yaliyozikumba Rufiji na Kibiti Aprili 2024, hakitumi taarifa ya mwisho wala ya hitilafu. Kinanyamaza tu, na hakuna hata njia moja kati ya hizo itakayogundua.

Kwa hiyo mwandishi wa programu aamue mwenyewe: mkondo upi una mamlaka ya kufunga, ukimya wa muda gani uhesabiwe hitilafu, na hitilafu ya mmoja ishughulikiwe vipi kabla haijaukata muungano wote. Kisha ajaribu kila hali kabla ya masika.