Rangi Nne Zatosha

Kililana ni mahali pa wakulima, bara ya Lamu. Huko ndiko ilikojengwa bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mashamba yalipochukuliwa kwa kazi hiyo, wenyewe walidai fidia. Na katika madai ya namna hiyo ramani ni shahidi mkubwa. Basi mchora ramani akitaka kupaka mashamba rangi, ili majirani wawili wasifanane, ahitaji rangi ngapi?

Tatu hazitoshi. Nairobi imezungukwa na kaunti za Kiambu, Machakos na Kajiado, na hizo tatu zapakana zenyewe kwa zenyewe. Hapo lazima ziwe nne.

Mwaka 1852 kijana Mwingereza, Francis Guthrie, alipokuwa akipaka rangi ramani ya Uingereza, alidhani kwamba nne zatosha ramani yoyote, mradi kila eneo liwe kipande kimoja, na kugusana kwa nukta tu kusihesabiwe ujirani. Ndugu yake Frederick alimpelekea swali hilo mwalimu wake, Profesa De Morgan wa London, naye akashindwa kulithibitisha. Guthrie mwenyewe alihamia Afrika Kusini, akafundisha hesabu Cape Town, akafariki mwaka 1899 bila kupata jibu.

Mwaka 1879 mwanasheria Alfred Kempe alitangaza uthibitisho, na wataalamu wakauamini kwa miaka 11. Ndipo mwaka 1890 Percy Heawood alipofichua kosa ndani yake. Ila alionyesha kuwa rangi tano hazipungui kamwe. Kempe alikiri kosa lake, na njia aliyoianza haikupotea.

Kwa kuifuata njia hiyo, mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waligawa swali katika mafungu yasiyopungua 1,400, na kompyuta ikayachungua kwa saa zaidi ya 1,000. Wengi walinung'unika kwamba hakuna binadamu awezaye kuikagua kazi hiyo yote kwa mkono. Mwaka 2005 Georges Gonthier alimaliza kuhakikisha uthibitisho wa namna hiyo, hatua kwa hatua, kwa programu maalumu. Rangi nne zatosha.

Jambo lililokubaliwa na wakubwa wote kwa miaka 11 lilikuwa na kosa, likaonekana kwa sababu mtu mmoja alilipima upya. Vivyo hivyo mwenye shamba asione haya kuomba mpaka wake upimwe tena.