Fujitsu nayo ilipe

Kati ya 1999 na 2015, wasimamizi zaidi ya 900 wa posta ndogo nchini Uingereza walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na kughushi hesabu. Ushahidi ulitoka kwenye Horizon, mfumo wa kompyuta wa kampuni ya Fujitsu ulioonyesha upungufu wa fedha ambazo hazikuwahi kupotea.

Wengi waliopiga simu kuomba msaada waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Uongo mtupu, tena wa kikatili! Ndani ya Fujitsu hitilafu zilijulikana, na wahandisi wake waliweza kuingia kwenye hesabu za posta wakiwa mbali, huku mahakama zikichukulia kwamba kompyuta iko sawa hadi ithibitishwe vinginevyo. Msimamizi mmoja wa posta alifungwa mwaka 2010 akiwa mjamzito.

Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta mamia ya hukumu hizo.

Januari mwaka huohuo, mkuu wa Fujitsu barani Ulaya alikiri mbele ya wabunge kwamba kampuni ina wajibu wa kimaadili kuchangia fidia. Haitoshi. Kampuni iliyouza mfumo mbovu, kisha ikatoa mashahidi wa kuutetea mahakamani, ilazimishwe kulipa kisheria, na waliojua wakanyamaza wapandishwe kizimbani.