"Vuta Picha": Agizo Ambalo Si Kila Mgonjwa Analiweza

Kwa miaka mingi katika kliniki ya afya ya akili nimekuwa nikiwaambia wagonjwa wenye hofu: "Fumba macho, vuta picha ya mahali penye utulivu." Siku moja mama mmoja, mwalimu mstaafu, alifumba macho, akanyamaza, kisha akasema: "Daktari, mimi naona giza tu." Nikarudia agizo; naye akarudia jibu. Katika jalada lake nikaandika kwamba hatoi ushirikiano. Nalikiri kosa hilo hapa kwa sababu sidhani kuwa ni langu peke yangu.

Hali aliyokuwa nayo huitwa afantasia, yaani kutoweza kuunda taswira akilini kwa hiari. Francis Galton aliigusa mwaka 1880, alipowataka watu waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa na baadhi wakamjibu kwamba hawaoni chochote. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 2015 na Adam Zeman na wenzake, nchini Uingereza. Wapo pia ambao taswira zao hukaribia kuona kwa macho. Wengi wetu tuko katikati.

Lililomuumiza mama yule halikuwa zoezi langu. Ndugu zake walipokuwa wakisema kwamba bado "wanamwona" marehemu mama yao, yeye hakuona kitu, akahitimisha kwamba hakumpenda vya kutosha. Alibeba dhana hiyo tangu msibani. Nikamwomba anieleze mama yake alikuwaje. Akataja mwanya, kovu dogo juu ya nyusi, na namna alivyojitanda khanga alipokwenda kisimani. Hakusita hata mara moja. Maarifa yalikuwepo yote. Kilichokosekana ni picha tu.

Afantasia ya tangu utotoni si ugonjwa, wala haipunguzi akili. Ed Catmull, mmoja wa waasisi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni, anayo. Lakini mtu aliyekuwa na taswira kisha zikapotea ghafla, hasa baada ya kiharusi au jeraha la kichwa, asiambiwe kwamba ni maumbile yake, achunguzwe.

Siku hizi nauliza kwanza: "Nikikutajia mlango wa nyumba yenu, unauona akilini, au unajua tu ulivyo?" Swali hilo halimalizi dakika moja, hata kliniki ikiwa na foleni ndefu kama zetu. Anayejua tu nampa zoezi jingine: kuhesabu pumzi, kukaza na kulegeza misuli, au kuweka kiganja tumboni na kukisikia kikipanda na kushuka. Mama yule alichagua kuhesabu. Alisema amehesabu wanafunzi mstarini kwa zaidi ya miaka thelathini, pumzi hazitamshinda. Ile sentensi katika jalada lake niliikata kwa mstari mmoja, nikatia sahihi yangu pembeni.