Opereta au Kitendea Kazi? Maoni Kuhusu Istilahi za Undani wa Kompyuta

Wanaistilahi wa Kiswahili wameshughulikia zaidi yale ambayo mtumiaji wa kompyuta huyaona kwa macho. Mwaka 2004, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotoa amri zake kwa Kiswahili. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, mengi yatendekayo nyuma ya kioo hayajapata majina yaelewekayo, na mwanafunzi wa Songea ajifunzaye kutunga programu hukariri maneno ya Kiingereza bila kuipata dhana.

Tuchukue mfano wa Multics, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa uliobuniwa miaka ya 1960 na MIT, General Electric na Bell Laboratories. Sehemu kubwa ya mfumo huo iliandikwa kwa lugha ya PL/I, na mashine yake ya mwisho ilizimwa nchini Kanada mwaka 2000. Ndani yake mna dhana mbili zifaazo kujadiliwa.

Dhana ya kwanza ni kuunga. Programu iliyotaja nyingine kwa jina haikulazimika kuungwa nayo mapema. Jina lilipofikiwa mara ya kwanza, mashine ilisimama kwa makusudi, mfumo ukatafuta mahali pa programu ile, ukapaandika, kisha kazi ikaendelea. Mara zilizofuata hapakuwa na haja ya kutafuta tena. Ndivyo afanyavyo mgeni ashukaye basi Songea: siku ya kwanza huuliza njia ya kwenda Makumbusho ya Majimaji, siku ya pili huenda moja kwa moja. Hapa neno "kiungo" latosha.

Dhana ya pili ndiyo yenye utata. Kazi zilizojirudia mno, kama vile kunakili mfuatano wa herufi au kuita programu na kurudi, hazikuandikwa kwa urefu ndani ya kila programu. Ziliwekwa katika fungu moja la kumbukumbu lililotumiwa na wote, na anwani ya fungu hilo ikawekwa tayari ili isitafutwe kwa jina kila mara. Kila kazi ilikuwa na mlango wake katika jedwali. Wahandisi waliweza kurekebisha kilichomo nyuma ya mlango, na programu za zamani zikafaidika bila kutafsiriwa upya, ilimradi mlango haukuhamishwa. Kaya za Songea nazo hazinunui kila moja mashine ya kusaga. Hupeleka mahindi yao kwenye mashine ya mtaa. Mwenye mashine akibadili kinu, wateja hupita njia ile ile.

Kwa Kiingereza kazi hizo huitwa kwa neno ambalo wengi wangelitohoa kuwa "opereta". Sisi tunapinga. Hatupingi utohoaji wenyewe: "kompyuta" imeshika mizizi Tanzania, ijapokuwa Kenya "tarakilishi" nayo hutumika. Lakini "kompyuta" ilipoingia haikukuta maana nyingine ya kushindana nayo. "Opereta" tayari ni mtu: aendeshaye mtambo au aliyekuwa akiunganisha simu. Mwanafunzi aambiwapo kuwa programu "inaita opereta", atamtafuta mtu huyo, na kosa halitakuwa lake.

Pendekezo letu ni "kitendea kazi cha lugha". Neno hili halikubuniwa leo. Fundi seremala, mwalimu na muuguzi wote hulalamika wapungukiwapo na vitendea kazi. Tena kauli yake ya kutendea hubeba dhana yenyewe: ni kitu ambacho kwacho kazi hutendeka. Pana atakayesema kuwa neno hilo ni pana mno. Ni kweli, na ndiyo sababu tumeongeza "cha lugha", ili kukitenganisha na jembe na chaki.

Hapana budi tuamue mapema. Istilahi nazo ni milango ya jedwali. Maelezo yaliyo nyuma yake yanaweza kuboreshwa kila kizazi, lakini tukiihamisha milango kila kitabu kipya kitokapo, mwanafunzi aliyesoma kitabu cha jana hataweza kukisoma cha leo.